Bei ya mapumziko nje ya msimu

Mtu akikupunguzia bei kwa sababu hana mteja mwingine, je, unafuu huo ni halali yako yote? Ndugu msomaji, swali hili nimerudi nalo kutoka Ukerewe.

Nilikwenda huko mwezi wa Aprili, katikati ya masika, kupumzika siku nne. Kutoka Mwanza hadi Nansio kwa meli ni takriban saa tatu. Jamaa zangu hapa mjini walinicheka. Kwao kisiwani huendwa Desemba, watu wanaporudi makwao, au Julai kukiwa kukavu. Mimi nilifuata utulivu na, nisifiche, nilifuata bei. Jambo hili si geni. Zanzibar mwezi wa Aprili na Mei hoteli nyingine hufungwa na zinazobaki wazi hushusha bei. Katika visiwa vya Ugiriki, kule Bahari ya Kati, huwa hivyo hivyo wakati wa baridi.

Nyumba ya wageni niliyofikia, chumba kilikuwa shilingi 40,000. Nikatazama ubaoni, funguo zote zinaning'inia. Nikasema: "Elfu 20, la sivyo naenda kwingine. Nani atakuja na mvua hii?" Mwenye nyumba alinyamaza kidogo, kisha akanipa ufunguo. Nikajiona hodari.

Alhamdulillah, nilistarehe. Baada ya Alfajiri nilikaa ufukweni peke yangu, mvua ikionekana mbali juu ya maji. Qur'an inatuhimiza kutembea katika ardhi na kutazama jinsi Allah (s.w.) alivyoanzisha uumbaji (29:20), na huwezi kutazama vizuri penye muziki na msongamano. Mwenyeji wangu naye alikuwa na wasaa. Alinitembeza mashambani na jioni tukazungumza hadi Isha. Desemba asingeipata nafasi hiyo.

Siku ya tatu niliwakuta akina mama ufukweni wakikusanya dagaa mbio mbio, wingu limefunga. Dagaa huanikwa juani. Wakinyeshewa huharibika, na wengi huishia kuwa chakula cha kuku. Akaja mnunuzi, akataja nusu ya bei. "Mvua hiyo inakuja mama, utawapeleka wapi?" Yule mama akakubali. Nilimkasirikia mnunuzi yule, hadi nilipokumbuka kuwa maneno yake ni yale yale niliyomwambia mwenye nyumba.

Atasema mtu: kwani si waliridhiana? Ni kweli, biashara ni kuridhiana, na kupatana bei hakuna ubaya. Zaidi ya hayo, bila mimi mwenye nyumba asingepata hata hiyo elfu 20. Lakini ridhaa ya aliyebanwa si sawa na ridhaa ya mwenye nafasi. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya mauzo ya mtu mwenye dharura: wapo waliosema hayasihi, na wapo waliosema yanasihi ila kumpunja ni makruhu. Hakuna aliyeyasifu.

Imepokewa kuwa sahaba Jarir bin Abdillah (r.a.) aliletewa farasi aliyenunuliwa kwa dirham 300. Alipomwona, akamwambia muuzaji kuwa farasi wake ana thamani zaidi, akaendelea kumpandishia mpaka dirham 800. Sababu yake ni kwamba alimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu. Mnunuzi ndiye aliyepandisha bei! Sisi leo tungemwita mjinga.

Nami nilipata nini kwa elfu 20? Ziwa zima, ukimya, na muda wa mwenyeji wangu. Hayo yana thamani kubwa kuliko yale ya Desemba. Mvua iliyonipa raha ndiyo hiyo hiyo iliyowanyima wao riziki, na mimi nikaifanya silaha.

Siku ya kuondoka nilimlipa elfu 40 kwa kila usiku. Alikataa, akidhani nampa sadaka. Nikamwambia si sadaka, ni bei yake.

Basi tusafiri nje ya msimu, ndugu zangu. Ni kheri kwetu na kwa wenyeji. Mwenye mali akipunguza kwa hiari yake, tushukuru. Lakini tusihesabu funguo zilizoning'inia ubaoni ndipo tutaje bei.

Wallahu a'alam.