Amani: Nani Amwelewe Nani?

Kituo cha utafiti cha Amani, milimani juu ya Muheza, mkoani Tanga, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Walifyeka sehemu ya msitu wa Usambara Mashariki na kupanda miti waliyoileta kutoka kila bara, mkwinini ukiwamo, na Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari, dawa ya malaria ya askari wao ikatengenezwa huko huko kutokana na mti huo. Wakaja Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili utafiti wa kilimo ulihamia Muguga, Kenya, na majengo ya Amani yakaachiwa wataalamu wa malaria, ambao tangu sheria ya mwaka 1979 wamekuwa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR.

Miaka yote hiyo kulikuwa na kazi moja isiyoandikwa kwenye mkataba wa mtu: kumsoma bosi. Msaidizi wa maabara, Msambaa au Mbondei, hakuwa na budi kujua lugha ya mkuu wake, saa zake za chai, hata ukimya wake una maana gani. Mkuu naye angeweza kumaliza mkataba wake na kupanda meli Tanga bila kujua huyo msaidizi ni wa ukoo gani. Semina za kazini siku hizi husisitiza kwamba watu wa tamaduni mbalimbali waelewane. Ni vizuri. Lakini kuelewa ni kazi, na aghalabu kazi hiyo humwangukia asiye na cheo.

Tazama suala la damu. Mtafiti wa malaria hawezi kufanya lolote bila damu ya watu, wala bila mbu wanaonaswa usiku ndani ya nyumba zao. Wakati huo huo, Afrika Mashariki nzima ya enzi za ukoloni ilijaa habari za mumiani, watu waliosemekana kuwavizia wenzao, kuwanyonya damu na kuipeleka kwa wakubwa. Wataalamu wengi waliziita ushirikina na kuagiza watu waelimishwe. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, alichukua njia nyingine: hakuuliza kama mumiani walikuwapo, aliuliza habari hizo zilikuwa zinasema nini kuhusu kazi, malipo na mamlaka ya mkoloni.

Mtu ajiweke mlangoni pa nyumba ya kijijini miaka ya 1950. Anayebisha ametumwa na serikali ile ile inayodai kodi. Anamchoma mtoto kidole, anachukua tone, anaandika namba, anaondoka. Damu imekwenda wapi? Nani anafaidika nayo? Mbona harudi kusema alichokiona? Leo hapa nchini hakuna kamati ya maadili ya utafiti inayopitisha mradi usiojibu maswali hayo, tena kwa Kiswahili, kwenye fomu ambayo mshiriki ana haki ya kukataa kuitia saini. Aliyeitwa mshirikina alikuwa ametangulia kuuliza.

Hii haimaanishi kwamba mwenyeji huwa na haki kila mara. Huko Mlalo, ng'ambo ya bonde la Lwengera, serikali ya Waingereza ilianza mwaka 1946 mpango wa kuhifadhi udongo, na wakulima wakaamriwa kuchimba matuta kwenye miteremko mikali. Waliokaidi walitozwa faini. Udongo ulikuwa unakwenda na maji kweli. Hilo halina ubishi. Ila Steven Feierman, aliyeandika kwa kina historia ya Usambara, ameonyesha kuwa kwa Wasambaa afya ya nchi haikutenganishwa na utawala. Mvua, rutuba na nguvu za mfalme vilikuwa jambo moja, na nchi huharibika pale mamlaka yanapotumika kuwadhuru watu. Sasa serikali ikamchukua mtawala wa jadi, mtu ambaye watu walimtazamia mvua, ikamfanya msimamizi wa matuta na faini. Bwana shamba aliona nchi inaharibika kwa kukosa matuta. Mkulima aliona inaharibika kwa jinsi matuta yenyewe yalivyoletwa. Mpango ukaachwa kabla ya uhuru, na kilichouangusha si ujinga wa wakulima.

Watu wa kawaida walikuwa na njia yao ya kuishi na tofauti, nayo ni utani. Wangoni na Wahehe, waliouana vitani karne ya 19, ni watani. Mtani huja msibani, akamkejeli marehemu mbele ya wafiwa, akazuia kaburi mpaka apewe chochote, kisha akashika jembe na kuzika. Tofauti haifichwi wala hailainishwi kwa heshima za uongo. Inatajwa waziwazi, kwa sauti, na inajulikana mpaka wake uko wapi.

Kinachosahaulika utani unaposifiwa ni sharti lake: aliyetaniwa leo ana haki ile ile kesho. Mashamba ya chai yanayoizunguka Amani yalijengwa kwa nguvu za vibarua waliotoka mbali, makabila kwa makabila, na vibarua hao waliweza kutaniana mistarini tangu asubuhi. Meneja hakuwa na mtani kati yao. Yeye akikejeliwa, ulikuwa utovu wa nidhamu.