Geuza Upande wa Ndani



Hapa Mtambile, ukipita jioni utawaona akina mama na wasichana barazani, kila mmoja na kofia yake mkononi. Kofia ya viua haitaki haraka. Unatoboa kijitundu, unakizungushia uzi, unahamia kingine, mpaka ukanda na duara la juu vijae. Kofia moja nzuri hula wiki nyingi, hata miezi.

Mimi Mkatoliki nilifundishwa na jirani yangu, bibi wa Kiislamu. Kofia yangu ya tatu ilikuwa na mteja tayari, na pesa yake nilishaipigia hesabu: ada ya mdogo wangu. Mstari mmoja wa viua ukaenda kombo. Nikauficha kwa mafundo upande wa ndani, nikaendelea.

Wasichana wa shule wa Marekani ya zamani walitarizi alfabeti na maneno ya dini kitambaani, kisha wakatia jina na umri wao. Kofia yetu haina jina la mshonaji. Nikajisemea, nani atajua?

Nikampelekea bibi. Hata hakuitazama kwa juu. Aliigeuza, akapitisha kidole, kikasimama pale pale.

"Mwanangu, hapa umeficha nini? Fumua."

"Bibi, mwenyewe anaitaka kesho!"

"Basi kamwambie kesho haipo."

Nilifumua huku nalia. Mteja alinuna, ada ikachelewa. Lakini kitambaa hakikutupwa. Nilirudia mstari ule ule, kiua kwa kiua.

Tabitha alipofariki, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea (Mdo 9:36-42). Kazi ya mikono yake ndiyo iliyomshuhudia. Je, kofia yangu ingenishuhudia nini?

Wapendwa, sisi vijana tunajua sana kupendeza kwa nje. Kwenye simu picha safi, kanisani tunaimba kwaya, ndani mafundo matupu. Sakramenti ya Kitubio ni kuigeuza kofia mbele ya Mungu. Yeye hatupi kitambaa, anafumua palipoharibika. Inauma, na pengine itakubidi ukamwombe mtu radhi, kama mimi nilivyokwenda kwa mteja wangu.

Kabla ya Misa ya Dominika hii, mtafute padre. Ukipiga magoti, usianze kumwonyesha upande wa juu.

Tafakari njema. Amina.