Msafiri Katika Mji Aliozaliwa

Sheria ya Kiislamu humtazama mtu katika hali mbili, ya usafiri na ya ukaazi. Msafiri ameruhusiwa kuifupisha sala ya rakaa nne iwe mbili na kula mchana wa Ramadhani akalipa baadaye. Sala ya Ijumaa nayo haimlazimu. Mkaazi hana ruhusa hizo. Kati ya wawili hawa yupo mtu wa tatu: aliyehama, akajenga maisha ugenini, kisha akarudi kwao kwa miezi miwili au mitatu. Mzanzibari anayefanya kazi Muscat au London, akirudi Unguja kumuuguza mama, kufuatilia mirathi ya baba na kuweka sawa karatasi za kiwanja, ahesabiwe nani katika mji ule? Swali linaanzia kwenye idadi ya rakaa, lakini haliishii hapo. Linagusa kinachomfanya mtu awe na kwao, na namna mwenye siku za kuhesabu anavyopaswa kuzigawa kwa wote wenye haki juu yake.

Asili ya ruhusa ya kufupisha sala ni aya ya 101 ya Sura An-Nisaa pamoja na mwendo wa Mtume. Walipofika kwenye muda wa kukaa, wanazuoni walitofautiana. Kwa Shafi, madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, anayenuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekatika tangu anapofika. Kwa Hanafi muda huo ni siku 15. Ibadhi, madhehebu yaliyokuja na Waarabu wa Oman, hayaweki idadi: mgeni huendelea kufupisha hata akikaa miaka, maadamu hajaufanya mji ule kuwa watani wake, yaani makazi yake ya kudumu. Chini ya masultani wa Busaidi, Unguja ilikuwa na makadhi wa Kishafi na wa Kiibadhi kwa pamoja. Watu wawili walioshuka kwenye jahazi moja waliweza kusali Adhuhuri kwa idadi mbili tofauti, na kila mmoja akawa na dalili yake.

Mila nayo ina hesabu yake. Mgeni siku mbili, wahenga walisema, ya tatu mpe jembe. Siku za mwanzo aliyerudi huletewa chai kitandani, naye hutembelewa. Baadaye huanza kuulizwa: kiwanja cha marehemu kimefikia wapi, mama atapelekwa hospitali siku gani, ada ya skuli ya mpwa nani ataitoa. Fikihi na mila zinakutana hapa: kukaa kukizidi kipimo, heshima ya ugeni huondoka na wajibu wa mwenyeji huingia.

Mashafi wanalo pia suala linalomhusu moja kwa moja mtu wa karatasi. Ni la aliyefika mahali kwa haja anayotarajia kila siku kwamba itakwisha, naye ameazimia kuondoka ikishakwisha. Huyu ameruhusiwa kufupisha hadi siku 18. Wanaosubiri saini moja ofisini, wakiambiwa leo waje kesho na kesho waje keshokutwa, wameelezwa humo karne nyingi kabla ya mafaili na mihuri. Sharti lake ni ukweli wa nafsi. Anayejua tangu mwanzo kwamba shughuli yake haiwezi kumalizika ndani ya siku 4 hana ruhusa hiyo, hata kama kila asubuhi anajiambia kuwa ndiyo ya mwisho. Hukumu imefungwa kwenye nia, na nia haikubali kudanganywa na mwenyewe.

Siku 18 hizo zimechukuliwa kwenye tukio lenye uzito wa pekee katika suala la kurudi nyumbani. Mwaka wa 8 Hijria, sawa na 630 Miladia, Mtume aliingia Makka, mji aliozaliwa, baada ya kuishi Madina miaka minane. Alikaa humo siku 18 kwa riwaya moja, 19 kwa nyingine, na muda wote akasali sala ya msafiri. Usama bin Zaid alimuuliza kama atashukia kwenye nyumba yake. Jibu lake lilikuwa swali: je, Aqil ametuachia nyumba yoyote? Aqil bin Abu Talib ndiye aliyebaki Makka na kurithi, na majumba yalikuwa yamekwishatoka mikononi mwa waliohama. Mtume akakaa hemani. Mwenye mji alirudi mjini kwake akakuta mirathi imekwenda njia nyingine, akalala chini ya turubai umbali mfupi kutoka mitaa aliyokulia.

Siku hizohizo Answari, wenyeji wa Madina, waliingiwa na hofu. Walinong'onezana kwamba huenda mapenzi ya mji wake na huruma kwa jamaa zake vimemshika, asirudi nao tena. Aliwajibu kwamba uhai wake na mauti yake ni pamoja nao. Hakuikana Makka wala hakuficha mapenzi yake kwayo. Alieleza maisha yake yamefungwa wapi. Umar bin Khattab, naye mzaliwa wa Makka, alifuata njia hiyo katika ukhalifa wake: alisalisha Makka rakaa mbili, kisha akawataka watu wa mji wakamilishe zao kwa kuwa yeye na wenzake ni wasafiri. Uthman bin Affan ndiye aliyekamilisha rakaa nne huko Mina, na miongoni mwa sababu zilizotajwa na wanazuoni ni kwamba alikuwa ameoa Makka, hivyo akajiona mkaazi. Kwa mifano hii, kuzaliwa mahali peke yake hakumfanyi mtu mkaazi, wala kuwa na ndugu wa damu pale. Kinachozingatiwa ni makazi: mtu ameweka wapi ahali yake na azma yake ya kuishi.

Huenda ikadhaniwa basi kwamba aliyerudi kwa miezi mitatu ni mgeni tu, hana deni na mji. Fikihi ya Shafi inakataa, na inapokataa ndipo penye mafunzo makubwa. Katika sala ya Ijumaa, Mashafi hutaka watu 40 waliofanya mji ule makazi ya kudumu, wasioondoka kiangazi wala masika ila kwa haja. Anayekaa siku 4 kamili au zaidi huku akinuia kurejea alikotoka, Ijumaa inamlazimu, lakini yeye hahesabiwi katika wale 40. Akiingia msikitini na kukuta watu 39 wa mji, hawezi kuwatimizia idadi. Asipoingia, amekosea. Analazimika bila kuhesabiwa. Ni vigumu kupata maelezo mafupi zaidi ya hali ya aliyerudi: mzigo ni wake, kiti si chake. Dola nayo imewahi kuliona jambo hili kwa jicho lake. Kitambulisho kilichoanzishwa Zanzibar kwa sheria ya mwaka 2005 kilipewa jina la Mzanzibari Mkaazi, na kwa neno hilo la pili aliyezaliwa Unguja akaishi kwingine anaulizwa swali lilelile la mafaqihi.

Wajibu ukishathibiti, linabaki suala la mpangilio, kwani haki huja kwa pamoja na siku ni chache. Mfano mmoja unatosha. Mtoto wa marehemu amekaa kwenye benchi la ofisi na bahasha ya khaki iliyopinda pembe. Ndani mna cheti cha kifo, barua ya sheha, picha ndogo nne na karatasi ya kiwanja. Katika cheti baba ameandikwa Khamis. Katika karatasi ya kiwanja, Hamisi. Kwa tofauti hiyo ya herufi anatakiwa ale kiapo kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, na kiapo kina siku yake na foleni yake. Simu inaita. Ni shangazi, anauliza kwa upole mbona wiki ya pili sasa mwanawe hajapita hata kumwamkia. Nyumbani mama anasubiri dawa ya saa sita.

Kanuni ya kwanza inayosaidia hapa ni mgawanyo wa wajibu wenye wakati finyu na wenye wakati mpana. Usiovumilia kucheleweshwa hutangulia ule wenye nafasi. Dawa ya mama ina saa yake. Kiapo kina siku yake. Salamu za shangazi zina juma zima. Kanuni ya pili inahusu haki za watu katika mali. Aya za 11 na 12 za Sura An-Nisaa zimeweka mgao wa warithi baada ya wasia na deni, na wanazuoni wakapanga: gharama za mazishi, deni, wasia usiozidi theluthi, kisha warithi. Kwa hiyo kufuatilia karatasi si shughuli ya dunia inayoiba wakati wa ibada. Kila siku ambayo kiwanja kinakaa bila kugawiwa, mjane au dada asiye na sauti katika ukoo anacheleweshewa fungu alilowekewa na Mungu. Kusimama kwenye foleni kwa nia ya kumfikishia fungu lake ni ibada.

Kanuni ya tatu inahusu jamaa. Kuunga udugu ni wajibu, ila kipimo chake wanazuoni wamekiachia ada ya watu, na kiwango cha chini kabisa ni salamu. Hapa ndipo wengi waliorudi hujitesa, wakidhani kila nyumba inadai mchana mzima na zawadi mkononi. Robo saa ya kukaa na shangazi mkekani, ukasikiliza habari za goti lake, hutimiza haki ambayo kitenge kilichotumwa kwa mkono wa mtu hakiwezi kuitimiza. Sahaba Salman al-Farsi alimkuta mwenzake Abu Dardaa amezama katika funga na sala hadi mkewe amesahauliwa. Alimkumbusha kwamba Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na ahali yake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Na Mtume akamthibitisha Salman. Nafsi imetajwa katika orodha hiyo. Aliyerudi kwao naye anahitaji kulala, na anahitaji siku moja ya kulizuru kaburi la baba bila bahasha kwapani.

Mara nyingi siku huisha kabla ya kazi. Kwa hilo sheria imeweka wakala: mtu humweka mwingine mahali pake katika mambo yanayokubali kuwakilishwa, kwa hati iliyo wazi na mashahidi, ili ndugu aliyebaki asitumwe kwa maneno matupu ambayo ofisi haitayakubali. Deni nalo lina hukumu yake. Mwenye deni lililofika wakati wake, naye ana uwezo wa kulipa, hasafiri bila idhini ya anayemdai. Akishalipa alichodaiwa, akaacha hati mikononi mwa mwaminifu na kuomba radhi za mama, siku zake za kulazimika zimekwisha. Anapovuka majengo ya mwisho ya mji, anakuwa msafiri tena, na Adhuhuri inarudi kuwa rakaa mbili.