Hati ya Uhasibu Itafutwe Lini?

Swali tunalotaka kulipima mwezi huu ni la vijana, walakini latuhusu wazee na walimu pia. Kijana amemaliza chuo, ameshika shahada ya uhasibu, naye amerudi kwao Nyegina. Mbele yake ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuvishika vitabu tena mara moja, afanye mitihani ya Bodi hata apate hati ya mhasibu kamili. Ya pili ni kutafuta kazi kwanza, apate mshahara, awasaidie wazazi na wadogo zake, na mambo ya hati yangoje. Je, ipi ndiyo njia ya haki? Twasema ya haki, wala hatusemi ya faida tu. Watu wengi hulichukua swali hili kama hesabu ya mshahara, kumbe ndani yake mna deni la mtu kwa watu wengine.

Kwanza yatupasa kujua hati hiyo ni kitu gani. Katika nchi yetu Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu iliundwa kwa sheria Na. 33 ya mwaka 1972. Bodi hiyo hutoa mitihani mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Mei na mwezi wa Novemba, na mwenye kufaulu ngazi ya mwisho hufikia cheo kinachojulikana kwa herufi CPA. Tena mitihani peke yake haitoshi: ili mtu aandikwe kuwa mhasibu kamili hudaiwa pia uzoefu wa kazi. Jirani zetu wana desturi kama hiyo. Kenya ilikuwa na bodi yake ya mitihani tangu 1969, na Uganda iliunda taasisi yake ya wahasibu kwa sheria ya 1992. Wala jambo hili halikuanzia kwetu. Huko Scotland wahasibu wa mji wa Edinburgh walipewa hati ya kifalme mwaka 1854, wakawa miongoni mwa watu wa kwanza ulimwenguni kufunga chama cha namna hii.

Kwa nini mataifa yote yakaona haja ya hati, wakati vyuo vipo na shahada zipo? Sababu ni kwamba hesabu ni kazi ambayo mwenye mali hawezi kuikagua mwenyewe. Fundi seremala akikutengenezea kiti kibovu, utakijua siku ya kukikalia. Lakini karani wa hesabu akiharibu daftari la chama chenu, mwaweza kukaa miaka mitano msijue, na siku mtakapojua fedha imekwisha. Kwa hiyo shahada yatuambia kwamba mtu huyu alifundishwa. Hati yataka kutuambia zaidi, kwamba hata asiyemjua aweza kuitegemea sahihi yake.

Sasa tuwasikilize wale wasemao, “Nenda mara moja.” Hao husema kwamba elimu ya darasani hupoa upesi. Kijana aliyetoka chuoni juzi bado ana kanuni zote kichwani, amezoea kukesha na kitabu, hana mke wala mtoto wa kumwamsha usiku. Akingoja miaka sita, kanuni nyingine zitakuwa zimebadilika, nyingine amezisahau, na jioni atarudi kutoka kazini amechoka. Wazee walisema udongo upatilize ungali maji, na tena, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Maneno hayo ni ya kweli. Tumewaona watu wazima wenye akili njema wakianza mitihani hiyo wakiwa na watoto wanne, nao wakapata taabu ambayo wangaliepuka ujanani.

Na wale wasemao, “Ngoja kwanza,” nao wana haki yao. Shahada ile haikuanguka kutoka mbinguni. Kwetu huku baba ameuza ng’ombe, mama ameanika dagaa na kupeleka muhogo mnadani, kaka ameacha shule ili mdogo wake asome. Sasa yule aliyesomeshwa amemaliza, na nyuma yake yuko mdogo wa kike aliyefaulu kwenda kidato cha tano naye hana sare. Je, mtu huyo aseme, “Ningojeni tena miaka miwili, na ada ya mitihani nipeni ninyi”? Wengine huongeza hoja ya pili: mtu aliyeshika daftari la kweli, akaona hundi zilizopotea na mzigo usiolingana na stakabadhi, huielewa mitihani kuliko yule aliyeyaona mambo hayo kitabuni tu. Haraka haraka haina baraka, wasema, na mvumilivu hula mbivu.

Msomaji ataona kwamba methali zimegawanyika, kila upande una zake. Ndiyo desturi ya methali. Humfundisha mtu namna ya kutazama, lakini hazimwondolei kazi ya kuamua. Basi na tutafute kipimo kingine.

Sisi watu wa Ziwa tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengine. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa upande huu, wakiongozwa na Paul Bomani na wenzake, walijiunga katika vyama vya ushirika kwa kuwa walichoka kupunjwa katika mizani ya wanunuzi. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa shirikisho moja lenye makao Mwanza, likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika. Walakini Serikali ilipounda kamati ya kuchunguza ushirika nchini mwaka 1966, pamoja na makosa mengine ilionekana kwamba watu wenye ujuzi wa kuendesha vyama na kutunza hesabu zake walikuwa wachache mno. Vyama vilikuwa vimekua upesi kuliko watu wa kuvitunza. Mkulima aliyejikomboa katika mizani akaweza kupotea tena katika daftari.

Twakumbusha habari hii kwa sababu yatuonyesha kwamba anayengoja hati si kijana peke yake. Wako pia wavuvi wenye chama cha kuweka na kukopa, iko shule yenye ada za watoto, iko zahanati yenye dawa za kuhesabiwa. Hao wote hupata hasara ikiwa waliosoma hesabu wamebaki nusu njia. Kwa hiyo kijana ana wadai wawili: nyumba yake iliyomsomesha, na watu wasiomjua ambao kesho watamkabidhi fedha zao. Asiyemlipa wa kwanza hana shukrani. Lakini asiyemkumbuka wa pili amesahau kazi yake ilikuwa kwa ajili ya nani.

Je, wadai wawili waweza kulipwa pamoja? Twaona yawezekana, ikiwa tutatenga kungoja kwa namna mbili. Kuna kungoja kwenye siku iliyowekwa, na kuna kungoja kusiko na siku. Tutazame mfano wa mtu tunayemjua sote, aliyezaliwa Butiama, si mbali na hapa. Julius Nyerere aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaendelea Tabora, kisha Makerere tangu 1943 hata 1945. Alipotoka Makerere hakwenda mara moja kutafuta shahada ya ng’ambo. Alifundisha Tabora katika shule ya St. Mary’s, na mwaka 1949 ndipo alipokwenda Edinburgh, akapata shahada yake mwaka 1952. Hatusemi kwamba ualimu na uhasibu ni mamoja. Twasema tu kwamba miaka ile ya kazi haikumzuia kusoma tena, kwa kuwa kitabu hakikufungwa. Anayefanya kazi huku akisoma hajaiacha njia. Amepunguza mwendo tu.

Basi haya ndiyo maoni yetu. Ikiwa nyumbani chakula kipo na hakuna mtoto atakayeondolewa shuleni kwa ajili yake, kijana na aanze mitihani mara moja, msimu wa kwanza awezao kujiandikisha. Kukaa bure akisema “nitaanza mwakani” ni kuwapotezea wote wawili, nyumba na watu.

Lakini ikiwa nyumbani pana shida ya kweli, afanye kazi kwanza, wala asione haya. Walakini na ashike masharti matatu. Sharti la kwanza, aweke muda na kuutaja mbele ya wazazi wake: “Mwaka huu na ujao ni wa mdogo wangu; Mei ya mwaka wa tatu ni ya mtihani.” Ahadi iliyosemwa kwa sauti mbele ya mama ni vigumu kuivunja. Sharti la pili, akiweza kuchagua, achague kazi chini ya mhasibu mwenye hati, hata ikiwa mshahara ni mdogo kidogo kuliko kwingine, kwa maana uzoefu ule utadaiwa baadaye, naye atakuwa ameupata mapema. Sharti la tatu, asifunge vitabu. Somo moja kwa msimu si aibu. Haba na haba hujaza kibaba.

Na wazazi je? Nasi tuna neno kwao, maana mara nyingi mzigo wa swali hili hutupwa juu ya kijana peke yake. Si haki kumpokea mtoto aliyemaliza chuo kana kwamba ni ng’ombe aliyeanza kutoa maziwa, kila mwenye kikombe akaja. Mjomba ataka ada, shangazi ataka bati, jirani ataka mkopo. Wakimkamua wote mwaka wa kwanza, hatapata nafasi ya kukua. Wazazi wenye busara humwambia: “Msaidie mdogo wako mmoja, na fedha ya mtihani iweke kando, sisi tutasema na jamaa.” Kusema na jamaa ni kazi ya mzazi, wala si ya mtoto.

Mtu mmoja aweza kutupinga akisema: “Mnaisifu hati, lakini wezi wenye hati wapo.” Kweli wapo. Mtihani hupima ujuzi, hauwezi kupima moyo, na karani mwaminifu asiye na hati ni bora kuliko msomi anayekula fedha za yatima. Lakini uaminifu bila ujuzi nao hauokoi fedha. Mwaminifu asiyejua huibiwa mbele ya macho yake, kisha hutia sahihi. Tena hati huweka jambo moja ambalo moyo mwema peke yake hauna: iko Bodi iwezayo kumwita mhasibu mbele yake na kumfuta katika orodha. Mtu anayeitafuta hati amekubali kuulizwa.

Kwa hiyo, kijana unayesoma maneno haya, usiulize tu, “Hati itaniongezea shilingi ngapi?” Uliza pia, “Ni nani anayeningoja, na nimemwambia angoje mpaka lini?” Ukiisha kumjibu mdogo wako na kumjibu yule mvuvi usiyemjua, utaujua mwezi wa kujiandikisha. Ukiona huwezi kuutaja mwezi huo, basi ujue hujaamua kungoja. Umeanza kuacha, na yafaa uwaambie wenzio kweli ili wasiendelee kukutazamia.