Kibao Nacho ni Spea

Siku ile, kwa kiki ya tatu, Honda CB350 ya mwaka 1971 iliitika. Kabureta zote mbili ulikuwa umezizibua hadi kitundu kisichopitisha unywele, spoku umezikaza moja moja, tangi linakuonyesha sura yako. Ukaisikiliza dakika mbili, ukaizima, ukaifunika turubai. Leo ni mwezi wa nne. Uliinunua Georgia, unakaa Houston, Texas, na muuzaji hakukupa kadi ya umiliki.

Toa hilo turubai, ndugu yangu! Kibao cha namba nacho ni spea, na pikipiki iliyokosa spea haijapona. Wewe uliyefungua bolti iliyoshikwa na kutu ya miaka hamsini bila kuivunja kichwa, leo ushindwe na karani?

Kwanza, aliyekuuzia hakukuibia. Kila jimbo la Marekani lina sheria zake, na Georgia haitoi kadi kwa chombo cha modeli ya 1985 kurudi nyuma. Hata New York ina mpaka wake: kilichotoka kabla ya modeli ya 1973 hakipewi kadi. Huko Georgia, ushahidi ni karatasi ya mwisho ya usajili pamoja na hati ya mauzo. Huna? Mpigie simu leo, si mwisho wa mwezi. Mzee aliyekaa na pikipiki miaka thelathini huwa ana droo jikoni ambayo hajaifungua tangu watoto wahame.

Halafu kuna namba ya chesisi. Ile ndefu ya herufi na tarakimu 17 ilianza na modeli za 1981. Yako inaanza na CB350, kistari, kisha tarakimu chache, basi. Kompyuta ikigoma, usiondoke dirishani. Omba msimamizi, kwa adabu, na ubaki umesimama. Wala asikutishe mtu kwamba namba ya injini haifanani na ya fremu. Honda ilizitoa hivyo kiwandani.

Hapo kwenye namba mimi nilijiponza mwenyewe. Nilipeleka fremu ipigwe rangi ya unga, ikarudi nyeusi tii, mpaka majirani wakaja kuitazama. Mkaguzi akainama na tochi, akapitisha kidole kwenye shingo ya fremu, akainua macho kuniangalia. Rangi ilikuwa imeifukia namba yote! Nilishinda jioni ile na dawa ya kubandua rangi na mswaki mkuukuu, nikisugua sehemu isiyozidi kidole gumba, hadi tarakimu zikajitokeza, ya mwisho ikiwa saba. Dawa na mswaki tu, tafadhali. Ukishika grainda hapo, au ukigonga namba upya, umejitafutia kesi ya jinai.

Na kama droo ya mzee ni tupu kabisa? Njia bado ipo. Hakikisha kwanza namba haijaripotiwa kuibwa, kisha uombe kadi yenye dhamana. Texas hutaka dhamana ya mara moja na nusu ya thamani ya chombo. Usishtuke: unachotoa mfukoni kuipata ni sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Inadumu miaka 3, kumlinda mwenye mali wa kweli akitokea.

Watakushawishi uchukue namba za vyombo vya kale, maana miaka 25 imeshapita. Mimi sizitaki. Zinakufunga kwenye maonyesho, gwaride na shughuli za klabu. Hukuvuja jasho lote lile ili injini ikapigwe picha! Chukua namba za kawaida, uende nayo kazini.

Kata bima. Karatasi zote ziingie bahasha moja, na nakala zake bahasha nyingine. Azima pikapu, uipakie pikipiki usiku. Asubuhi uwe wa kwanza kwenye ofisi ya kodi ya kaunti. Ndiyo, kodi: kwa Texas, hapo ndipo vyombo vinaposajiliwa. Na mfukoni beba bolti mbili za kufungia kibao, na spana namba kumi.