Mzigo wa Dhoruba ni wa Nani?

Mwaka 2017 vimbunga Harvey na Irma viliipiga Marekani, na inakadiriwa viliharibu boti za starehe zaidi ya 63,000. Baada ya misimu kama huo, kampuni za bima hupandisha ada, humtaka mwenye boti ajilipie sehemu kubwa zaidi ya hasara, au hukataa kabisa kuikatia bima boti inayobaki majini Florida wakati wa vimbunga.

Je, hiyo ni dhuluma? Si lazima. Bima ni mfuko wa wengi: aliyesalimika humlipia aliyepatwa. Mfuko ukitoboka, hakuna atakayelipwa. Wala kukata bima si kukosa imani. Mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, Luther aliwaonya waliokataa dawa kwamba wanamjaribu Mungu.

Lakini tazama, mpendwa: ada ikipanda, tajiri hulipa, mzee mstaafu anayeishi ndani ya boti yake hushindwa, akajitoa. Basi anayehitaji zaidi kubebwa ndiye wa kwanza kuachwa.

Kampuni hupima hatari, na ni kazi yake. Usharika haukuitwa kumpima mtu kabla ya kumbeba. Paulo alipowaandikia Wagalatia juu ya kuchukuliana mizigo, hakutaja ada. Nami najiuliza, nikianza na usharika wangu: katika mifuko yetu ya kufa na kuzikana, ni nani tumemfuta jina kwa sababu alikosa mchango wa miezi mitatu?