Upepo Ukigeuka, Patana Ukiwa Njiani

Andiko: Luka 12:54–59

 

Katika andiko letu Bwana anaanza na hali ya hewa. Anawaambia watu kwamba wakiona wingu linatokea magharibi, wanajua mvua inakuja, na kweli inakuja. Wakisikia upepo wa kusini, wanajua ni joto. Halafu anawauliza mbona wanaweza kusoma anga na hawawezi kusoma wakati wao. Wengi wetu tunaishia hapo. Lakini mistari mitatu inayofuata inazungumza kuhusu mtu aliye njiani kwenda mahakamani na mshitaki wake, na Bwana anamshauri apatane naye kabla hawajafika kwa hakimu. Sasa mawingu na kesi vinahusiana vipi? Hebu tuangalie.

Wacha nikupeleke mbali kidogo, kwenye maziwa makubwa ya Amerika Kaskazini. Pengine una dada au mjomba Minnesota, maana Wakenya huko ni wengi. Jimbo hilo limepakana na Ziwa Superior, lenye ukubwa wa kilomita mraba 82,000 hivi. Victoria yetu ni kama 68,000. Mwezi wa nane sisi tunatoka kwenye baridi ya Julai na kuanza kuweka masweta kando. Kwao ni kinyume: Agosti inapoisha, joto nalo linakaribia kuisha. Lakini joto lao haliondoki polepole kama mgeni anayeaga mara tatu. Linafukuzwa.

1. Ishara hutangulia

Hewa baridi hushuka kutoka Kanada. Hewa baridi ni nzito, kwa hivyo inapokutana na hewa ya joto yenye unyevu iliyotoka kusini, inaingia chini yake kama koleo na kuirusha juu. Hapo mawingu meusi hujipanga mstari, radi hupiga, mvua humwagika. Upepo uliokuwa unatoka kusini unageuka, sasa unatoka kaskazini-magharibi. Mtu aliyeamka na fulana anaweza kutafuta jaketi kabla ya jioni, maana joto linaweza kushuka nyuzi 10 kwa saa chache.

Mvuvi wa huko haambiwi na mtu. Akiona upepo umegeuka anajua. Na mvuvi wa Homa Bay naye anajua upepo wa ziwa lake. Kila mtu anaijua anga ya kwao. Bwana hakuwakemea watu kwa kujua mawingu. Aliwakemea kwa sababu macho yale yale yaliyoona wingu likiwa mbali yalikataa kuona kilichokuwa mbele yao.

Mtu wa Mungu, ishara zako unaziona. Mke wako ameacha kulalamika, na wewe unadhani ni amani. Mtoto anakula chumbani kwake. Mkopo wa simu unalipa kwa mkopo mwingine wa simu. Unajua. Si ndio?

2. Joto lililobaki si majira

Hapa sikiliza sana. Maji hupata joto polepole, na hupoa polepole. Hewa baridi ikishapita, anga ya Ziwa Michigan husafika, jua huwaka, na maji ya ufukweni bado yana joto la kiangazi. Ukitia mguu utasema msimu haujabadilika. Lakini upepo wa kaskazini umesukuma mawimbi urefu wote wa ziwa, hadi upande wa kusini karibu na Chicago na Indiana, na chini ya mawimbi kuna mikondo inayovuta. Watu wamekufa maji siku kama hizo. Ufukweni kumewekwa bendera nyekundu, lakini mtu anaangalia jua, anagusa maji, anaingia.

Sisi tuliosomea biashara tunafundishwa kitu kinachofanana. Kampuni inaweza kuwa na pesa benki huku wateja wameshaondoka. Mwezi huu mishahara inalipwa, mwezi ujao inalipwa, na mkurugenzi anasema tuko sawa. Hayuko sawa. Anakula joto la majira yaliyopita.

Ndivyo ilivyo rohoni. Unaweza kuongoza sifa kwa joto la maombi uliyoomba miaka mitatu iliyopita. Watu wanasema amina, na wewe mwenyewe unajua hujapiga goti tangu Januari. Ndoa inaweza kuishi muda mrefu kwa upendo wa zamani ambao hakuna anayeuongezea kuni. Usipime majira kwa joto lililobaki. Angalia upepo unatoka wapi.

3. Upepo unaokutisha unaweza kukubeba

Kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Superior kuna mji unaitwa Duluth, na juu ya mji kuna kilima, Hawk Ridge. Kila mwaka mwezi wa tisa watu hukusanyika pale kuhesabu mwewe. Ndege hawa wanahamia kusini, wengine mpaka Amerika Kusini, na hawapendi kuvuka maji mapana, kwa sababu juu ya maji hawapati hewa ya joto inayopanda ya kuwainua. Kwa hivyo wanafuata ufuko mpaka Duluth. Na siku zao kubwa ni zile hewa baridi imepita na upepo umegeuka kutoka kaskazini-magharibi. Tarehe 15 Septemba 2003 walihesabiwa zaidi ya 100,000 kwa siku moja!

Upepo ule ule uliomfukuza mtu ufukweni ndio uliombeba mwewe. Tofauti ni kwamba mwewe alikuwa tayari kuondoka. Yeremia 8:7 inasema korongo anajua majira yake, na mbayuwayu pia, lakini watu wa Mungu hawakujua. Korongo hao tunawaona hata hapa Kenya, wakitoroka baridi ya Ulaya. Ndege hana digrii, lakini hakosi safari.

Sisemi kila msiba umetumwa na Mungu. Kuna mambo yanauma na hatuna maelezo. Lakini mabadiliko usiyoyapenda yanaweza kuwa ndiyo upepo wako, kama utakubali kuinua mabawa.

Sasa turudi mahakamani

Ndiyo maana Bwana aliunganisha mawingu na kesi. Faida ya kujua mvua inakuja ni kuanua nguo kabla hazijalowa. Na faida ya kujua wakati wako ni kupatana ukiwa njiani. Njiani mtu anaweza kuongea, kuomba radhi, kupunguziwa, kupangiwa malipo. Ukishafika kwa hakimu, unasikia tu hukumu, na Bwana anasema hutoki huko mpaka umelipa senti ya mwisho.

Basi wiki hii, kabla ya Jumapili, fanya jambo moja. Kama ni deni la chama, nenda kwa mweka hazina kabla hajakutafuta, useme ukweli na utoe mpango. Kama ni ndugu yako na ule mpaka wa shamba, mpigie simu wewe, hata kama yeye ndiye aliyekosa. Kama ni mke wako, zima televisheni umwulize, kisha unyamaze usikilize jibu. Na kama ni Mungu mwenyewe unayemkwepa, kumbuka bado uko njiani. Yesu ndiye mpatanishi, na leo bado anasikiliza.

Tuombe

Baba, tumeona upepo ukigeuka na tukajifanya hatujui. Tusamehe. Tupe macho ya kusoma wakati wetu, na miguu ya kuenda kwa yule tuliyemkwepa. Usituache tufike kwa hakimu na neno ambalo tungelisema njiani. Katika jina la Yesu. Amina.